Kishada cha gazeti, cha karatasi ya mkate au cha kununua: mtoto wa Nairobi aanze na kipi?

Disemba shule zikifungwa, swali ni lile lile kwenye ngazi za ploti yetu Umoja: mtoto analilia kishada, je, nimnunulie au tutengeneze? Mwaka huu kina mama wa ghorofa ya pili wameniuliza mara tatu, maana wananiona nikipanda ngazi na vijiti mkononi, watoto nyuma. Basi nimeona niandike jibu lote mahali pamoja. Nilijifunza kutengeneza vishada nikiwa mdogo mtaani Jericho, miaka ya tisini, na sasa ninatengeneza na binti yangu wa miaka 10 na mpwa wangu wa miaka 6. Tumejaribu cha gazeti, cha karatasi ya mkate, cha ukurasa wa daftari, cha sanduku na cha kununua. Vyote huruka. Ila kila kimoja kina upepo wake na mtoto wake.

Wenzetu wengine huita tiara, neno lenye asili ya Kiarabu, kutokana na kuruka. Watoto wa ploti wanasema kaiti. Mimi nitasema kishada, kama tulivyofundishwa shuleni.

Upepo kwanza

Watu huanza na rangi. Anza na upepo, kwa sababu ndio utakaokuchagulia. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na upepo wake mwingi hutoka mashariki. Julai na Agosti, miezi ya baridi na mawingu, upepo huwa mnyonge. Ndiyo maana likizo ya Agosti unaona watoto wakizunguka uwanja mzima mbio, kishada kikiwafuata chini chini kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Kuanzia Oktoba hadi Machi mambo hubadilika. Mvua za vuli zikishapungua, Disemba hadi Februari, alasiri nyingi huwa na upepo wa kutosha kuinua kishada mtu akiwa amesimama tu.

Kipimo changu ni macho. Majani madogo ya mjakaranda yakitikisika bila kupumzika, na nguo kwenye kamba zikitutumka, upepo huo ni wa kilomita 12 hadi 19 kwa saa, na kishada cha gazeti hakitaki zaidi ya hapo. Moshi wa jiko la makaa ukipanda wima, subiri saa tisa, au urushe chepesi kuliko vyote. Vumbi likianza kuinuka na takataka kukimbia barabarani, gazeti litapasuka. Siku hiyo ni ya karatasi ya mkate au ya kitambaa.

Gazeti au karatasi ya mkate

Hivi viwili ndivyo wengi wanavyochagua kati yake, na ndivyo ninavyovijua kuliko vyote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Umbo ni moja: msalaba. Kijiti kirefu cha wima ni uti wa mgongo, kifupi kilichokingama ni mikono. Kwa mtoto wa miaka 7 hadi 12 ninatumia uti wa sentimita 50 na mikono ya sentimita 36, na navifunga pamoja sentimita 12 kutoka kichwani. Kisha uzi unazungushwa kwenye ncha zote nne kuwa fremu, karatasi inalazwa chini yake, kingo zinakunjwa juu ya uzi na kubandikwa.

Vijiti bora ni vya mwanzi uliopasuliwa na kukwanguliwa hadi uwe mwembamba kama penseli, halafu nusu ya hapo. Jericho hatukuwa na mwanzi. Tulichomoa njukuti kwenye ufagio wa mnazi, tukachapwa, kesho yake tukachomoa tena. Njukuti zinafaa kishada kidogo tu, kisichozidi sentimita 35. Kikiwa kikubwa zinapinda na kinaanguka kama majani. Siku hizi nanunua vijiti vya mishikaki, ambavyo ni mwanzi, naviunganisha viwili viwili kwa kuvipandisha sentimita 8 na kuvikaza kwa uzi. Kabla ya kubandika chochote, laza uti juu ya kidole chako kwenye fundo la msalaba. Mkono mmoja ukilala chini, upande huo ni mzito, kwangua. Hatua hii ndogo ndiyo inayotenganisha kishada kinachopaa na kinachozunguka kama pia.

Sasa karatasi. Gazeti la ukubwa wa Taifa Leo lina kurasa mbili za katikati zilizoshikana bila mkato, na hizo zinatosha kishada kizima. Gundi yake ni ugali. Chukua tonge la jana usiku, liloweshe kidogo, ulisugue kwa kidole mpaka lilainike, upake kwenye ukingo, ukunje, ubonyeze. Likikauka halibanduki. Mtoto wa darasa la pili anaweza kufanya kazi hii yote mwenyewe, akijipaka ugali hadi kwenye nyusi, na huu ndio ubora wa kwanza wa gazeti. Ubora wa pili ni kwamba linapasuka mahali unapopaona. Kishada kikigonga ukuta, unaketi kwenye nyasi, unakata ukanda, tonge la ugali liko mfukoni, na baada ya dakika chache mmerudi hewani. Tena gazeti lina sauti. Likiwa juu huvuma, na binti yangu anasema anajua upepo umezidi kabla hajatazama juu.

Udhaifu wake ni maji. Manyunyu kidogo, hata umande wa nyasi asubuhi, na kimekwisha. Na ni zito kuliko mwenzake, kwa hiyo upepo ukilegea, linaanza kushuka.

Karatasi ya mkate ni kinyume chake karibu katika kila jambo. Nasema ule mfuko laini wa plastiki unaofungiwa mkate wa gramu 400. Unaukata ubavuni na chini, unaufungua, unaung'uta makombo, na miwili ikiunganishwa kwa selotepu inatosha uti wa sentimita 50. Ni nyepesi mno, haijali manyunyu, na hupaa katika upepo ambao gazeti lingelala tu. Lakini ugali haishiki. Gundi ya maji haishiki. Inateleza chini ya mkasi, na mtoto akiikata peke yake ukingo unatoka kama meno ya msumeno. Ikianza kupasuka hewani inaendelea hadi mwisho, na ukiibandika selotepu nyingi uzito unaegemea upande mmoja. Kwa hiyo ni kishada cha mikono iliyokwisha kufanya mazoezi.

Sisi wa miaka ya tisini tulitumia majuala, hasa yale meusi. Hilo sasa lisahau. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya, kutengeneza, kuuza na kutumia, na faini ni kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4 au kifungo. Vifungashio ambavyo bidhaa huwekwa kiwandani, kama huu wa mkate, katazo lile halikuvigusa. Hata hivyo nina sharti nyumbani kwangu: kishada cha mkate hakiachwi kwenye mti wala uwanjani. Gazeti litaoza, hicho kitabaki kinapepea hadi mtoto aliyekirusha awe na wajukuu.

Mkia vyote viwili vinautaka. Urefu wa mita 3 unatosha, wa vipande vya leso kuukuu vilivyofungwa kila baada ya shibiri. Utotoni mkia wetu wa fahari ulikuwa utepe wa kaseti iliyokufa. Jua la saa kumi likiupiga ulimetameta kahawia na dhahabu, na mtaa mzima ulijua kishada ni cha nani. Ukitaka kuishi bila mkia, pinda mikono: funga uzi kutoka ncha hadi ncha kwa nyuma na uuvute hadi kijiti kiwe upinde, kifua kikiukabili upepo. Mmarekani William Eddy ndiye aliyeupa umbo huo umaarufu miaka ya 1890, akifuata vishada vya Kimalei. Mimi naupenda mkia. Mtoto akiona mkia umetulia, naye anatulia.

Linabaki fundo ambalo wengi hulikosea. Uzi wa kurushia haufungwi kwenye msalaba moja kwa moja. Kwanza funga uzi mfupi kifuani, ncha moja juu ya msalaba na nyingine karibu na mkia, ulegee kama hatamu ya punda, halafu ufunge uzi mrefu kwenye hatamu hiyo, karibu na kichwa kuliko mkia. Kishada kikivuta kwa nguvu lakini hakipandi, sogeza fundo juu kidogo, upana wa kidole tu. Kikielea mbele na uzi kulegea, lishushe. Kikizunguka, ongeza mkia.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, ukiniuliza kati ya hivi viwili: cha kwanza kiwe cha gazeti, cha pili kiwe cha mkate. Sikuambii kwa sababu ya gharama, kwani vyote karibu ni bure. Gazeti humwonyesha mtoto kosa lake na kumpa nafasi ya kulirekebisha papo hapo, kwa mkono wake.

Cha kununua

Sitakidharau. Vile vya kitambaa chembamba cha nailoni vyenye umbo la pembetatu, wanavyouza wachuuzi kwenye foleni za magari na maduka ya vitu vya watoto, hupaa vizuri kwenye upepo dhaifu. Kama ni Agosti, au kama unatoka kazini saa kumi na mbili kila siku na una Jumapili moja tu, nunua, na usijilaumu.

Lakini nilimnunulia binti yangu kimoja kwenye taa za barabarani kwa shilingi 300, na siku ya pili kile kiungo cha plastiki cha katikati kikavunjika. Tulirudi nyumbani na kitambaa kizuri kabisa kisichoweza kutumika. Hakuna duka linalouza kiungo hicho peke yake. Nilijaribu kwa uzi, nikajaribu kwa waya, kikapinda. Kilichoniuma zaidi ni kumwona mtoto ambaye wiki iliyotangulia alikuwa akiziba matundu ya gazeti kwa ugali, sasa anaketi na kusubiri mtu mzima amletee kingine. Mwishowe tulivua kitambaa, tukakishonea vijiti vya mwanzi, na kinaruka mpaka leo. Ukinunua, pinda vijiti kabla ya kulipa, tazama mshono kwenye ncha, na usitegemee uzi wanaokupa. Wetu ulikuwa mfupi, tena umejaa mafundo.

Kwa mdogo na kwa mkubwa

Mtoto wa chini ya miaka 7 hana haja ya vijiti. Ukurasa mmoja wa daftari, ukunje katikati, vuta pembe mbili za mbele zikutane kwenye mkunjo bila kuzibonyeza, zikaze kwa pini ya stepla, toboa tundu, tia uzi wa mita 5. Dakika tatu. Kitaruka hadi usawa wa paa la nyumba ya chini na mpwa wangu atafurahi alasiri nzima. Sina zaidi la kusema juu yake, ila uandae kurasa 10.

Kwa kijana wa miaka 13 na kuendelea, ambaye msalaba umeshamchosha, kuna kishada chenye umbo la sanduku. Kilibuniwa na Lawrence Hargrave huko Australia mwaka 1893, na Novemba 1894, kwenye ufuo wa Stanwell Park, vinne vilivyofungwa pamoja vilimwinua yeye mwenyewe karibu mita 5 kutoka ardhini. Nilipomsimulia binti yangu hilo, aliacha kula. Sanduku halina mkia na hutulia juu kama limetundikwa, lakini linataka vijiti vinne virefu vinavyolingana, vya kukingama vinavyolingana vilevile, na upepo wa kweli. Letu lilichukua Jumamosi mbili na halikupaa mtaani kabisa. Lilipaa milima ya Ngong, kule ambako kampuni ya umeme ya KenGen imeweka mitambo ya kufua umeme kwa upepo. Ukiona mapanga yale yanazunguka huhitaji kipimo kingine. Usipeleke gazeti Ngong. Tulipeleka, likadumu kwa muda wa kufumba na kufumbua.

Uzi

Hapa ndipo watu wanapokosea hata wakichagua kishada sawasawa. Uzi wa cherehani wa kawaida unatosha gazeti na mkate, na ukikwama kwenye mti unakatika bila kuumiza mtu. Kitambaa na sanduku vinataka ule mnene wa kushonea magunia. Uzi wa kufumia sweta ni laini kwa vidole lakini mzito, unakivuta kishada chini. Mshipi wa kuvulia samaki sitaki kuuona mikononi mwa mtoto: upepo ukikaza unakata ngozi kama wembe. Na ule uliopakwa unga wa glasi, unaotumiwa huko India kukatana nyuzi wakati wa sherehe za Januari 14 kule Gujarat, umejeruhi watu na ndege. Anga letu la Nairobi lina mwewe na korongo wengi. Mwewe hasa hupenda kuja kuchungulia kishada; amewahi kukizunguka chetu mara mbili, karibu kabisa, tukamwona akigeuza kichwa.

Zungushia uzi kwenye mkebe wa maziwa ya unga, si kwenye kipande cha kijiti. Mkebe ni mnene, kwa hiyo unakusanya haraka, na mtoto anaweza kuukumbatia kifuani.

Niwaambie kwa nini uzi una uzito kwangu. Jericho kurusha kulikuwa kwa wavulana. Sisi wasichana kazi yetu ilikuwa kukishika kishada mbali, mikono juu, na kukiachilia tukiitwa. Nilikiachilia mara nyingi bila kujua kinachoendelea upande wa pili. Alasiri moja kwenye uwanja wa Camp Toyoyo, wakati huo ukiwa vumbi tupu, kaka yangu aliitwa dukani akaniachia mkebe. "Usivute, usilegeze, sikiliza tu." Uzi ulikuwa umelala kwenye kidole cha shahada. Ulitetemeka kwanza, kidogo, kama nyuki aliye ndani ya ngumi. Halafu ukavuta. Kitu kilichokuwa kidogo kuliko sarafu angani kilikuwa kikinivuta mkono, na mimi nilikuwa nakijibu. Kaka aliporudi sikumpa mkebe. Alikaa chini kando yangu akala mandazi yake.

Ndiyo maana, kishada chochote utakachochagua, kikipaa mpe mtoto uzi mara moja. Wababa, hasa nyinyi. Nimewaona uwanjani mkirusha kwa raha zenu huku mtoto ameshika soda.

Mahali

Uwanja mpana kuliko urefu wa uzi wako, usio na nyaya. Kikinasa kwenye nyaya za umeme, kiache hapo. Usikivute, usipande, usichomoe kwa mti. Uzi uliolowa hupitisha umeme, na waya wa shaba hauna kazi yoyote kwenye kishada. Wingu la mvua likijitokeza, kusanya.

Uhuru Gardens barabara ya Lang'ata pana nafasi ya kuvutia, lakini uwanja wa ndege wa Wilson uko hapo hapo, na ndege ndogo hupita chini. Mimi siendi na kishada. Vivyo hivyo Embakasi karibu na uwanja wa ndege wa JKIA, na pembeni mwa kambi ya jeshi la anga Eastleigh. Uhuru Park siku ya Jumapili watu ni wengi mno na miti inameza mikia. Viwanja vya shule wakati wa likizo ndivyo bora: omba ruhusa kwa mlinzi au mwalimu mkuu mapema, wengi hukubali wakiona ni watoto na karatasi.

Jumamosi hii mpwa wangu anaanza cha kwanza chenye vijiti, cha gazeti. Amekwisha kuchagua ukurasa, wa michezo. Ugali wa leo nimemwambia dadake asiumalize.